Nilimfuatilia babu kwenye kadi za sensa za Élisabethville, nikakuta kidole chake kilichokatika kimeota tena

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Ninayowaandikia hapa yametokea nyumbani kwetu Lubumbashi, kwa mama yangu mzazi, na chumvi sijatia. Atakayeona ni ya kutunga asome tu, mwisho ataamua mwenyewe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kufuatilia mizigo inayotoka bandari ya Dar kuja Kongo, ndiyo maana Kiswahili changu mtakiona kimevaa kiatu cha huku na kiatu cha huko. Kontena likipotea njiani, mimi ndiye napigiwa simu. Na nina ubishi. Mke wangu husema nikipoteza soksi moja, siku hiyo nyumba nzima haili.

Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini sikuacha.

Mama yangu anaitwa Julienne. Ni mtu mzima sana sasa, miguu imegoma ila ulimi bado unafanya kazi vizuri. Alizaliwa kwenye mashamba ya kando ya mto Kafubu, nje ya mji, kabla kidogo ya ile vita kubwa ya Wazungu, enzi Lubumbashi bado ni Élisabethville.

Baba yake, Kunda, alikuwa mkulima. Mahindi, mihogo, tomate, yaani nyanya, na lengalenga, yaani mchicha. Tunapozungumzia mji ule wa wakoloni watu wanakumbuka migodi na reli tu, wanasahau kwamba wachimbaji walikuwa wanakula, na kuna watu walikuwa wanalima hicho chakula.

Sasa, binamu yangu Firmin, mtoto wa kaka yake mama, akaja na habari kwamba lile shamba la zamani limekatwa viwanja. Makaburi yetu yako pale. Tukaambiwa tuhamishe watu wetu, la sivyo nyumba zitajengwa juu yao.

Firmin akataja wa kuhamishwa: Kunda, mkewe Mwape, na watoto wao wawili wakubwa, Ngosa na Chola, ambao ndio kaka na dada wa mama.

Pembeni kuna tuta la tano, halina msalaba. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa ni la mgeni aliyefia njiani. Hilo Firmin alisema tuliache, maana hatujui ni wa nani.

Ikapangwa na misa. Ndipo mama akagoma, kwa Kiswahili chetu ambacho njo ni ndiye na juu ni kwa sababu.

"Mubebe Mwape, njo mama yangu. Ule Kunda mumubebe benyewe. Miye ku misa yake siwezi kufika."

Kwamba mama hampendi baba yake tulijua zamani. Sababu hatukuijua. Siku hiyo akaisema, mbele yangu na Firmin, macho kwenye sufuria ya maharagwe.

Alipokuwa msichana mdogo Kunda alimpeleka kwa masista akasome, akalala hukohuko. Kunda alikuwa anapita pale kuuza mboga jikoni kwao. Siku moja sista mmoja akamuuliza, huyu Julienne ni binti yako?

Mama alikuwa nyuma ya mlango ameshika ndoo. Akasikia jibu kwa masikio yake.

"Hapana, ma sœur. Haiko mutoto wangu. Miye niko namulinda tu."

Wakuu, mama amekaa na hayo maneno maisha yake yote. Hakumuuliza Kunda. Hakumuuliza mama yake, ambaye alikufa yeye akiwa bado kwa masista. Alijumlisha mwenyewe: basi mama yangu alinizaa na mwanaume mwingine, na huyu ananifuga tu. Tangu hapo akawa hamsalimii Kunda, na hata alipokufa hakwenda msibani.

"Kama niko mutoto wa inje," akasema, "na miye musikanizike na bale bantu. Munitafutie pengine."

Mjue hapo alikuwa ameshaanza kusema habari za kuzikwa kila wiki. Nikasema moyoni, mama yangu hatakufa na neno hili. Kama Kunda ni baba yake nitalithibitisha. Kama si baba yake, nitamtafuta aliye baba.

Nikaanza kazi.

Enzi za Wabelgiji watu wa mashambani walihesabiwa mara kwa mara, kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya kujua nani alime nini. Karani anakuja na mjumbe wa chifu, kila familia inasimama mbele ya nyumba yake, anaandika mume, mke, watoto. Mama anakumbuka karani akimfungua mdomo aangalie meno, ili akadirie umri wake. Anasema aliona aibu kama mbuzi mnadani.

Kila mume alikuwa na kadi yake ya familia. Kadi hizo, au zilizobaki baada ya panya na mvua, ziko kwenye chumba cha ofisi moja ya zamani mjini. Anayezitunza nitamwita Madame Clarisse. Mwanamke mpole, ila haharakishwi.

"Papa, aba bantu banakufaka zamani," akaniambia siku ya kwanza. "Haraka ni ya nini?"

"Wao hawana haraka, Madame. Mwenye haraka ni mama yangu."

Nikarudi kesho yake. Na kesho yake tena. Akaniona sichoki, akanipa kiti na kitambaa cha kufunga pua, kwa sababu ya vumbi.

Kazi ile ni ileile ya kontena. Hutafuti kitu unachokitaka, unatafuta kitu kinachopita mahali kilipotakiwa kupita. Nikashika kadi za mashamba ya Kafubu, nikaanza na za zamani zaidi.

Nikamkuta.

Kunda, mkulima. Mtu wa makamo. Aliwahi kufanya kazi ya kutandika reli kabla ya kushika jembe. Mke, Mwape. Kwenye alama za mwilini imeandikwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo, na pale pa kupiga alama za vidole pameachwa nafasi wazi, vidole vinne tu vya wino.

Watoto: Ngosa, Chola. Na chini kabisa, kwa wino mwingine, Julienne, mchanga.

Nilipoona jina la mama yangu pale niliinama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Madame Clarisse akanisogezea chai.

Nikakimbia Katuba na picha kwenye simu. Mama, si huyu hapa? Umeandikwa chini ya Kunda, tangu unanyonya.

Mama akaiangalia ile picha, akanirudishia simu.

"Karatasi inaandika kile banaiambia. Mama yangu angesema nini mbele ya karani na bwana yake anasimama pale?"

Mama yangu ana akili kuliko mawakala wote wa forodha ninaowajua.

Basi nikarudi. Nikasema nitamfuata Kunda sensa baada ya sensa mpaka afe. Huenda mahali fulani kuna tofauti, huenda mtoto mmoja ameandikwa kivingine.

Kadi iliyofuata ilikuwa ya baada ya vita. Kunda, mkulima, mahali palepale. Mke Mwape. Ngosa, Chola, Julienne. Kila kitu mahali pake.

Isipokuwa Kunda mwenyewe.

Alitakiwa kuwa mzee sasa. Kadi inasema ni kijana, amempita mtoto wake Ngosa kwa miaka michache tu. Alama za mwilini: hakuna. Na vidole vya mkono wa kushoto vyote vitano vimepigwa wino, cha shahada kimetoka kizuri kuliko vyote.

Nikamuita Madame Clarisse. Akavaa miwani, akaangalia kadi ya kwanza, akaangalia ya pili.

"Alisali sana," akasema.

Nilicheka ila hasira zilinipanda. Nikamlaani karani wa watu ambaye sijui hata jina lake, nikasema alikuwa amelewa. Halafu nikatulia. Mlevi atakosea umri. Mlevi hawezi kumwotesha mtu kidole.

Kidole hakioti. Kwa hiyo ni Kunda wawili. Lakini wawili wanakuwaje na mke mmoja, watoto walewale, shamba lilelile?

Nikampigia mama. Baba yako alikuwa na vidole vyote?

"Vyote. Vile alikuwa anafunga tomate na kamba, niliviangaliaka sana vile vidole. Alikuwa na mikono mizuri."

Nikamwambia kadi ya kwanza inasema cha shahada hakipo, na mama akajumlisha kabla yangu. Akasema kwa sauti ya chini, basi si nilikuambia, mwenye kukatika kidole ni mwingine, na miye sina baba mu ile nyumba.

Wakuu, siku ile nilijuta kuanza. Nilikwenda kumtoa mama yangu mwiba, nikauzamisha zaidi. Alikataa kula jioni ile. Firmin akanipigia, akaniambia kaka acha hayo mambo, wachimba makaburi wanakuja wiki ijayo, tuzike mifupa yetu kwa amani. Nikamwambia mifupa gani, wakati hatujui ni ya nani?

Mimi siwezi kufunga faili lenye kidole kilichoota.

Nikakumbuka kitu kimoja ambacho karatasi haziandiki. Kunda alikuwa mtu wa kabila la Balamba, na kwa Balamba ukoo ni wa upande wa mama. Habari za mwanaume hazikai kwa watoto wake. Zinakaa kwa dada zake na wapwa zake. Sisi miaka yote tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, watoto wa Kunda na wajukuu, yaani tulikuwa tunapiga hodi mlango usio wenyewe.

Nikauliza uliza, nikaambiwa wapo jamaa zake njia ya kwenda Mokambo. Nikapanda pikipiki, nikala vumbi, nikafika.

Nikapelekwa kwa mama mmoja anaitwa tantine, yaani shangazi, Chanda. Nilimkuta anapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi. Umri umekwenda ila mkono bado mzito. Hakunisikiliza mpaka aliponipa mizizi nimpondee.

"Unapondaka sawa muntu wa biro," akasema, yaani kama mtu wa ofisini. Nikapondaponda. Akaonja, akakunja uso, akaniambia sasa sema.

Nikasema natafuta habari za Kunda wa Kafubu.

"Kunda gani? Wa kwanza ao wa pili?"

Nikaweka mchi chini.

Hapa wasio wa kwetu naomba mnisikilize vizuri, maana hii ndiyo desturi yenyewe. Inaitwa kupyana. Mwanaume akifa, jina lake halizikwi. Ukoo wa mama yake unachagua mtu, mara nyingi mpwa wake, anakalishwa kwenye mkeka, anapewa jembe la marehemu, mke wa marehemu, watoto wa marehemu, na jina. Kuanzia siku ile yeye ndiye marehemu. Watoto wanamwita papa. Wakubwa wanamsalimia kwa heshima ya yule aliyekufa. Na hakuna mtu tena atakayefungua mdomo kusema fulani alikufa, kwa sababu fulani yuko pale anakula bukari, ugali wetu.

Kunda wa kwanza, mwenye kukatika kidole, alikufa kwa homa mama yangu akiwa hajaanza kutembea. Mpwa wake, kijana anaitwa Mwewa, akampyana.

Karani akaja. Nani Kunda? Ni mimi. Mke? Mwape. Watoto? Hawa hapa.

Hakuna aliyedanganya, wakuu. Aliulizwa Kunda, na Kunda alikuwepo.

Nikauliza swali nililoendea. Nikamwambia yale maneno ya mlangoni kwa masista, haiko mutoto wangu, namulinda tu.

Tantine Chanda akaacha kukoroga. Yeye ni binti wa huyo Mwewa mwenyewe, aliyemzaa na mke wake wa ndoa ya kanisani, aliyebaki kuishi kule njia ya Mokambo. Na kumbe shida ilikuwa hapo. Mwewa alikuwa Mkristo wa ndoa. Alipokea jina, akapokea jembe na watoto, lakini Mwape hakulala naye, Mwewa alimtunza tu kama mama yake. Ila kwenye kadi ya karani Mwape ni mke wake, na kanisani mke wake ni mwingine.

"Papa aliogopa," akasema. "Alifikiri basista bakijua iko na bibi babili ku karatasi, batamufukuza Julienne. Akasema haiko wake, juu abakie asome."

Nikauliza, sasa mbona alikwenda kuuza mboga tu, hakwenda kumwona yeye?

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Soko ilikuwa karibu na shamba. Ku basista ilikuwa mbali, na balikuwa banakamata mboga kidogo tu. Weye unafikiri alikuwa anaenda kule juu ya mboga?"

Nikauokota mchi, nikaponda tena.

Sikutaka kumpelekea mama hayo kwa simu. Na sikutaka ayasikie kutoka kwangu, maana angesema na wewe umeambiwa tu. Nikamwomba tantine Chanda tuondoke pamoja. Akachukua kitenge chake na chupa ya munkoyo, akapanda.

Tulipoingia Katuba mama alikuwa amekaa mlangoni. Tantine Chanda akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu, akapiga makofi ya taratibu kama wanavyosalimia kwao, akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya wa nani?" mama akauliza. Mkali.

"Yaya wangu. Kunda alituacha shiye wote."

Akamsimulia. Homa, mkeka, jembe, jina. Mama hakumkatiza hata mara moja, na mimi mama yangu namjua, huo ulikuwa muujiza. Alipofika kwenye soko na njia ya kwenda kwa masista, mama akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Na mbona hakuniambia?"

"Angekuambia nini, yaya? Kama Kunda alikufa? Na yeye njo Kunda. Hata Ngosa alijua. Ngosa alinyamaza. Kusema ni kumuua mara ya pili."

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Nikadhani analia, kumbe anafikiri. Halafu akanigeukia mimi.

"Dédé. Ule mugeni."

"Mgeni yupi, mama?"

"Wa pembeni. Asiye na musalaba. Hawangemuwekea musalaba, juu hakukufa." Akashika mkono wangu, akaubana. "Njo papa yangu ule. Na mulitaka kumuacha."

Tantine Chanda akaitikia kwa kichwa tu. Firmin nilimpigia palepale, nikamwambia yule mgeni haachwi, anatangulia.

Siku ya kuhamisha, mama alikuja. Tulimbeba na kiti chake mpaka ukingoni. Tukaanza na tuta la pembeni.

Najua kuna mtu hapa ataniuliza kama tuliangalia mkono wa kushoto. Hatukuangalia. Mimi nilitaka, siwafichi, ndiyo kazi yangu. Mama akanikataza. Akasema mizigo yako kafungue Dar, papa yangu usimufungue. Wachimbaji wakamtia kwenye sanduku na shuka jeupe juu, wakampitisha mbele ya mama, akaweka mkono juu ya sanduku.

Alipopitishwa yule mwingine, Mwewa, Kunda wa pili, mama akasema wasimame. Akakaa naye muda mrefu kuliko wa kwanza. Nilimsikia akisema, "Samahani papa. Sikukujibuka hata jambo."

Mnakumbuka aliacha kumsalimia.

Kwenye makaburi mapya kulikuwa na fundi wa kuandika misalaba. Akaandika Kunda kwenye msalaba wa kwanza. Akachukua wa pili, akaangalia karatasi ya Firmin, akamgeukia mama.

"Mama, hii jina nimekwisha kuiandika. Banakosea, banarudia mara mbili."

Firmin akashauri kwa nia njema kwamba wa pili aandikwe Mwewa, jina lake la kuzaliwa, ili watu wasichanganye. Hata mimi niliona ina mantiki.

Mama akakataa.

"Alibeba ile jina mpaka alikufa, na miye alinibeba ndani ya ile jina. Andika Kunda."

Fundi akaandika. Katikati ya misalaba hiyo miwili mama ameacha nafasi ya mtu mmoja, na ametuonyesha wote kwa fimbo yake, ili siku ikifika tusiulizane.

Nilichojifunza ni hiki. Ukifuatilia ukoo wako kwenye karatasi za zamani, ukakuta mahali hapaeleweki, usiseme karani alilewa. Kaulize desturi ya watu wenyewe, na ukaulize kwenye mlango unaohusika. Pia wazee wenu wakiwa na neno limewakwama kooni, msiwaachie ati ni mambo ya kale. Mama yangu sasa anakula vizuri, na ya kuzikwa hayasemi tena. Anasema mahali pake panajulikana.

Nyinyi kwenu jina la marehemu linafanywaje, linarithiwa au linazikwa? Na kuna mwenye mgeni asiye na msalaba pembeni ya shamba la babu yake? Nipo, nitajibu kila mtu. Ila wa kuniambia ningehesabu vidole, huyo nitampa namba ya mama.